Tanga hadi Kigoma kwa ndege: ni saa ngapi hasa?

Juzi shangazi yangu wa Ngamiani aliniuliza, "Mwanangu, kutoka hapa mpaka Kigoma kwa ndege ni saa ngapi?" Babu yetu alikuja Tanga akiwa manamba wa mkonge, kama Waha wengi wa zama zile, na nusu ya ukoo bado iko huko. Kwa kuwa kazi yangu ni kupanga safari za ndege, nilichukua kalamu tukahesabu pamoja.

Viwanja hivi viwili viko karibu kwenye mstari mmoja, digrii 5 hivi kusini mwa ikweta. Kinachovitenga ni longitudo: Tanga iko kama digrii 39.1 mashariki, Kigoma 29.7. Kila digrii ina dakika 60 (hizi ni za kupimia pembe, si za saa), na huku kwetu karibu na ikweta dakika moja inakaribia maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Zidisha 9.4 kwa 60, punguza kidogo kwa sababu hatuko juu ya ikweta yenyewe, unapata maili 562. Ni kilomita 1,040 hivi.

Sasa muda. Cessna Caravan, ndege ndogo ambayo watu wa Tanga tunaijua kwa safari za Pemba na Unguja, hukata kama maili 170 kwa saa. Gawanya: saa 3 na dakika 18. Ongeza dakika kumi na kitu za kupaa na kujipanga kutua.

Hapo bado hujaweka upepo, na hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme unavuma kutoka mashariki maili 20 kwa saa. Kwenda utatumia saa 2 na dakika 57. Kurudi, ukikutana na zile mabaharia wetu wanazoziita pepo za omo, saa 3 na dakika 45. Jumla imezidi kwa kama dakika 6 ile ya siku tulivu, maana unakaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaokuzuia kuliko ule unaokusukuma. Mafuta hupangwa kwa hesabu hiyo.

Ila shangazi hatapita njia hiyo. Njia ya kurukia ya Tanga ni fupi kwa ndege kubwa, na Caravan ikijaza mafuta ya safari ndefu hivyo lazima ipunguze abiria. Kwa hiyo ni kupitia Dar es Salaam: chini ya kilomita 200 hewani (barabara inayozunguka Segera na Chalinze ni kama 350), kisha kama 1,080 hadi Kigoma, takriban saa 2 kwa ndege kubwa ya mapangaboi. Anayetaka kujua atafika lini aulize kwanza atasubiri muda gani Dar.

Nilimwonyesha na jambo jingine. Dunia huzunguka digrii moja kila dakika 4, kwa hiyo jua la Kigoma huzama kama dakika 38 baada ya la Tanga, ingawa saa za ukutani ni zile zile. Shangazi akatikisa kichwa: hilo alilijua zamani. Kila Ramadhani, akishamaliza futari ndipo humpigia dadake simu, na dadake bado anangoja adhana.