Kutetemeka dripu ya kansa ikiingia sio dalili kwamba dawa inafanya kazi

Hii ya kwamba ukitetemeka au ukibanwa kifua wakati wa dripu basi dawa ndo inapigana na kansa imezunguka miaka mingi, na ubaya wake watu wanakaa kimya wanavumilia. Sio kweli jamani. Hiyo ni rieksheni, yaani mwili unaikataa dawa, haikwambii lolote kuhusu uvimbe kupungua. Chukua mfano wa paklitakseli, dawa mojawapo ya kansa, haiyeyuki vizuri kwenye maji kwahiyo ile ya kawaida inachanganywa na kitu kilichotokana na mafuta ya mbarika, na hicho kinachangia sana hizo vurugu, tena mara nyingi dakika za mwanzo tu za dozi ya 1 au ya 2, ndo maana kabla yake unapewa deksamethazoni (steroidi ya kupunguza rieksheni) na dawa ya aleji. Kaboplatini, dawa nyingine ya kansa, ni kigeugeu, inaweza kukuacha salama mizunguko kadhaa ya matibabu halafu ikabadilika kwenye wa 7 au 8, kwahiyo "mimi nishaizoea" haikulindi. Ukisikia kuwashwa, uso kupata moto, mgongo kuuma ghafla au pumzi kukata, mwite nesi hapohapo! Atasimamisha dripu, utapewa dawa, na kama ilikuwa nyepesi mara nyingi inarudishwa siku hiyohiyo, polepole zaidi.