Kwenda kwa miguu kumvua trauti: maji ya baridi kwanza, ndoana baadaye

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kigamboni alinipeleka kuona tangi lake jipya la saruji. Kazi safi, maji yanaingia na kutoka vizuri. Akaniuliza, "Mwalimu, humu nikitia trauti si watakua? Nimeona bei yake hotelini." Nilitoa kipimajoto mfukoni, nikakizamisha nikahesabu dakika mbili. Nyuzi 29, na ilikuwa saa tatu asubuhi tu. Nikamwambia trauti ni samaki wa maji ya baridi, ukimtia humu hafiki jioni.

Mimi kazi yangu ni perege na kambale, na mabwawa ninayoyahudumia yapo Kigamboni, Kibaha na Mkuranga. Lakini kila mwaka, Julai au Agosti, napanda basi kwenda Nyanda za Juu Kusini kumvua trauti kwa mshipi, na wengi huniuliza kwa nini nisafiri kutwa nzima kumfuata samaki wakati soko la samaki la Feri lipo. Jibu linaanzia kwenye kile kipimajoto.

Maji yakipata joto, hewa ya oksijeni iliyoyeyuka ndani yake hupungua. Lita moja ya maji yasiyo na chumvi, ya mito au mabwawa, usawa wa bahari, yakiwa nyuzi 10 hubeba miligramu 11 hivi za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 hubeba 7 na nusu tu, tena hapo ni pale yanapokuwa yameshiba hewa. Perege hana shida, hata miligramu 3 anavumilia. Trauti anataka zaidi ya 6, na kadiri joto linavyopanda ndivyo mwili wake unavyodai hewa zaidi, kwa hiyo anabanwa pande zote mbili. Anapenda nyuzi 10 hadi 16. Ikizidi 20 anaacha kula, na kwenye 25 maisha yake yako ukingoni. Kwa hiyo pwani hamna mahali pake, hata ukimjengea tangi la dhahabu.

Wala si samaki wetu wa asili. Trauti mwenye mstari wa waridi ubavuni kwao ni magharibi ya Amerika Kaskazini na pande za Kamchatka, Urusi, na trauti wa kahawia ni wa Ulaya. Kenya walitangulia kuwaleta: mwaka 1905 yule wa kahawia alitiwa katika Mto Gura, milima ya Aberdare. Leo mtu akipanda Mlima Kenya na mshipi begani anaweza kuwavua katika maziwa madogo ya juu kama Ziwa Alice. Kwetu huku, ninapowaendea mimi ni Mufindi, mkoani Iringa, kwenye mashamba ya chai, mwinuko wa karibu mita 1,900, ambako usiku wa Julai unalala na blanketi mbili na bado unajikunja.

Basi la saa 12 asubuhi kutoka Mbezi, Morogoro, Mikumi, mlima wa Kitonga, unashuka Mafinga jioni ukiwa na vumbi na njaa. Asubuhi yake bodaboda inakufikisha mwisho wa barabara ya chai, na kuanzia hapo ni miguu, mwendo wa saa mbili. Mabwawa yanayofikika kwa gari yapo, na nimeyavua. Samaki wake wamezoea kishindo cha watu, na ukingo umekanyagwa hadi hauna nyasi wala mdudu. Bwawa la ndani ya msitu ni jambo jingine. Lina kivuli, linalishwa na kijito kinachotoka kwenye miti, na maji yake hayajapigwa jua njiani. Kutembea kwenyewe ndiko kunakolilinda.

Ruhusa kwanza, tafadhali. Mabwawa mengi ya huko yamo katika mashamba ya watu au makampuni, na kama ni hifadhi kuna taratibu zake. Mimi huanza kwa mwenye eneo, kisha ofisa uvuvi wa wilaya kuhusu leseni. Ukifika kijijini usipite kama mwizi. Salimia kwa salamu ya huko, "Kamwene", ueleze unakwenda wapi. Mara mbili wazee wamenizuia kwa sababu daraja la miti lilikuwa limeoza, na mimi nisingejua.

Mzigo uwe mwepesi. Fimbo inayokunjwa, mshipi mwembamba, kiboksi cha wadudu wa bandia, koleo, kipimajoto kilichofungwa uzi wa mita nne, sweta, koti la mvua, maji na mihogo ya kuchemsha. Viatu viwe vya kushika udongo, kwa sababu njia ya msituni asubuhi ina utelezi kama bamia. Angalia siafu kabla hujakaa popote. Juu ya kichwa utasikia mbega wakiruka, na hiyo ni dalili nzuri: msitu ungali mnene, kijito kingali na kivuli.

Sasa bwawani. Kosa ninaloliona kwa wavuvi wengi wa kutoka pwani, na mimi nililifanya miaka yangu ya mwanzo, ni kwenda moja kwa moja ukingoni ukasimama wima. Samaki aliye majini huona dunia ya juu kupitia duara moja tu juu ya kichwa chake, kwa sababu mwanga unapinda unapoingia majini. Kilicho chini sana, karibu na usawa wa maji, hakioni sawasawa. Mtu aliyesimama anamwona vizuri mno. Kwa hiyo mita kumi kabla ya maji nainama, na tano za mwisho naenda kwa magoti. Kishindo nacho husafiri kupitia udongo hadi majini. Nikishatulia sifungui hata boksi la ndoana. Nazamisha kipimajoto, kwanza juu, halafu kina cha mita tatu, halafu pale kijito kinapoingilia.

Agosti mwaka juzi vipimo vilikuwa hivi: juu 14, chini 12, mdomo wa kijito 11. Hapo unajua samaki yuko huru kwenda popote, na alfajiri atakuja kula pembezoni. Oktoba ya mwaka mwingine juu ilikuwa 21 na mdomo wa kijito 16. Samaki wote walikuwa wamejibana pale kwenye mdomo, na kuwavua pale ni kumpiga mtu aliyekimbilia hospitali. Nilikunja fimbo, nikala mihogo yangu, nikarudi. Ilinisikitisha, lakini sikujutia.

Kuna jambo moja ambalo mtu akilielewa amemaliza nusu ya kazi. Mtoni trauti hukaa mahali pamoja, mkondo unamletea chakula. Bwawani chakula ndicho kimekaa, na samaki anazunguka kukifuata. Ana njia zake, kama mlinzi wa zamu. Ukikaa kimya robo saa utaona: kiduara kidogo juu ya maji karibu na matete, dakika chache baadaye kingine mbele kidogo, kisha kingine. Huyo ni samaki mmoja anayepita. Usirushe pale alipotokea, kwa kuwa hayupo tena. Tanguliza ndoana mbele ya njia yake, sambamba na ukingo, kisha ngoja.

Natumia chambo gani? Trauti wa kwanza niliyempasua tumbo huko, juu ya jiwe kando ya maji, alikuwa na konokono wadogo, mbawakawa mmoja, na kumi na moja wa wale watoto wa kerengende, wadudu wa hudhurungi wanaoishi tope la chini kabla ya kuota mabawa. Niliwapanga kwenye jani nikawahesabu. Tangu siku hiyo nafunga mdudu wa bandia wa rangi hiyo, manyoya ya jogoo na uzi wa sufu, urefu wa kucha ya kidole gumba. Mvuvi wa pwani anayeburuta manyoya kumtafuta jodari ataielewa kazi hii upesi. Ninamwacha azame, navuta kidogo kama urefu wa kiganja, natulia, navuta. Akiuma hutasikia mshtuko mkubwa, bali mshipi unakuwa mzito ghafla, kama umenasa kwenye jani lililolowa. Hapo inua fimbo.

Ule mwiba mdogo wa nyuma ya ncha ya ndoana nimeubana kwa koleo, ili nikitaka kumwachia samaki itoke bila kuchana mdomo. Mikono nailowesha kwanza, maana ute wa ngozi yake ndio kinga yake, na kiganja kikavu kinaufuta. Simtoi majini. Namgeuza kichwa kiangalie kijito, namshika chini ya tumbo, matamvua yanafunguka na kufunga, moja, mbili, nane, halafu mkia unapiga na kiganja kinabaki kitupu. Katika mabwawa mengi ya aina hii hawazaliani, kwa kuwa jike hutaga kwenye changarawe yenye maji yanayopita. Waliomo wametiwa na mtu. Kwa hiyo nachukua wawili, basi, hata siku ikiwa nzuri namna gani.

Hao wawili nawapasua palepale, nawafunga kwa majani mabichi yaliyolowa, kamwe si kwenye mfuko wa plastiki, kisha nashuka kabla jua halijapanda. Magamba yake ni madogo mno, huna haja ya kuparua. Nyumba ninayofikia, mama mwenyeji huwabanika juu ya makaa kwa chumvi na limau. Safari moja nilimwomba tuwapake nazi, kipwani, na nazi ikaimeza ladha yote. Akasema, "Baba, huyu ameshakula maji mazuri, mwache." Tukala na ugali wa moto na mboga za maboga, moshi ukituingia machoni, nje ukungu umeshafunika chai.