Bibi, toa meno kwanza ndo tupige picha

Mimi ni daktari wa meno, na tangu nianze kuwafuatilia wazee kwa WhatsApp kuna kitu nimejifunza ambacho chuo hakikunifundisha: mgonjwa ni bibi ila simu ni ya mjukuu. Mwanzoni nilikuwa natuma bango zuri, rangi kibao, maandishi meengi, najibiwa "asante dokta" na dole gumba, basi yameishia hapo. Siku hizi natuma voisi. Dakika moja tu, naanza na shikamoo, na mzee anaisikiliza hata mara tatu, bando lenyewe haliliwi kivile.

Shirika la Afya Duniani nao wana mwongozo wao wa 2021 wa kutumia simu kwenye afya ya kinywa, ila hili la mjukuu utalijua ukiwa kazini.

Mfano kuna bibi alikuwa analalamika meno yake ya bandia yanacheza na yanamchubua fizi, nikapiga video nikamwambia haya nionyeshe unavyoyaosha, mjukuu akageuza kamera jamani nikamwona bibi anayamiminia maji ya chupa ya chai yanatoka moshi! Yale ni plastiki, maji ya moto yanayapinda. Brashi laini, sabuni ya vyombo, maji ya kawaida, na uoshee juu ya beseni lenye maji ili yakikuponyoka yasivunjike. Dawa ya meno usiyapake, inayakwaruza. Usiku vua, yalale kwenye kikombe cha maji, nawe upumzishe fizi.

Ishu nyingine ni kinywa kukauka. Dawa nyingi za wazee, za presha zikiwemo, zinapunguza mate, sasa mzee anatafuna pipi kutwa nzima ili alainishe mdomo, na fizi zilishashuka mizizi iko nje, inaoza chap. Anywe maji kidogo kidogo, pipi aache, ila dawa ya presha ASIACHE, aongee na daktari wake.

Kwenye picha: vua meno ya bandia, kaa karibu na dirisha, mtu wa pili amulike na tochi, shavu livutwe na kijiko safi cha chai. Zipigwe kama tano hivi maana nne zitakuja na ukungu.

Picha hainipi kila kitu, siwezi kubonyeza uvimbe kupitia kioo cha simu. Kidonda kikizidi wiki 2, au doa jeupe au jekundu lisilofutika, hasa kwa mtu wa tambuu au ugoro, hiyo si ya WhatsApp tena. Juzi nimeletewa picha ya babu mmoja, ya tano ndo ilikuwa safi, pembeni ya ulimi kuna doa jeupe. Mjukuu akaniuliza nipige nyingine dokta? Nikamwambia hapana, mlete kesho asubuhi.