Upanga ambao haukutolewa Abercorn

Nikifundisha Vita Kuu ya Kwanza hapa Dodoma, hakosekani mwanafunzi wa kuuliza: mwalimu, upanga wa Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani Afrika Mashariki, uko wapi? Wameshaona picha za jemadari aliyeshindwa akimkabidhi mshindi upanga wake. Huwajibu kwamba hakunyang'anywa silaha yake, na hapo ndipo somo linapoanza.

Upanga wa ofisa ulikuwa alama ya cheo kuliko silaha. Kuutoa ni kukiri kwamba huna tena amri juu ya mtu. Mshindi akikuachia, amekuachia heshima yako. Mwaka 1865, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokuwa vikiisha, jemadari mshindi Grant aliwaachia maofisa wa Lee aliyeshindwa silaha zao za kiunoni. Mwaka 1945 Mountbatten, kamanda Mwingereza wa Kusini-Mashariki mwa Asia, alitaka maofisa wa Kijapani watoe panga zao hadharani, watu waone kwa macho kwamba wameshindwa.

Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, Waingereza walishika njia ya Grant. Lettow-Vorbeck alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918. Van Deventer, jemadari wa majeshi ya Waingereza, yuleyule aliyeteka Kondoa na Dodoma mwaka 1916, alikwisha kumruhusu yeye na Wazungu wake kubaki na silaha zao binafsi hadi Dar es Salaam, kwa kuwa walipigana kishujaa.

Askari Waafrika, zaidi ya 1,100, hawakupewa heshima hiyo. Walilaza chini bunduki walizoziteka wenyewe kwa Waingereza na Wareno. Hata kati ya zile bombomu (bunduki za rashasha) 37, thelathini zilikuwa za Waingereza. Mishahara yao ilikuwa haijalipwa, wakabaki na karatasi za madai. Wakapelekwa kufungiwa kambini Tabora. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wa habari yote, na vitabu vingi hupapita haraka.

Wazungu walivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wakapanda treni, wakafika Dar es Salaam tarehe 8 Desemba. Reli ni hii hii ya kati, kwa hiyo walipita Dodoma. Ugogo wakati huo ulikuwa ndani ya Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikagoma.

Mwanafunzi akiniuliza tena habari za upanga, nampeleka stesheni. Tunasimama tukitazama upande wa Tabora, namsimulia nani alipita hapa na silaha yake, na nani aliachwa kule nyuma.