Benchi la ufundi linalocheza: nani huamua kila mrusho katika softboli ya vyuo vya Marekani

Kila nikimkalisha mpenzi wa soka mbele ya mechi ya softboli, mchezo wa mpira na gongo ulio ndugu wa besiboli, ya wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani, swali huwa ni lile lile: mbona wasichana wote wanaangalia mikono yao kila baada ya sekunde chache? Hawaangalii saa. Wamevaa mkanda wenye kadi ndogo iliyojaa tarakimu, na muda huo huo kuna mtu kule kwenye benchi ametoka kutaja namba tatu kwa sauti.

Tuseme ametaja moja, nne, mbili. Mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, anatafuta safu na mstari kwenye kadi yake na kukuta maagizo kamili: mpira wa kuzama, chini, upande wa nje. Mrushaji naye anasoma hayo hayo. Hata walinzi wa ndani wanasoma, kwa sababu mpira wa kuzama ukigongwa mara nyingi huviringika ardhini, kwa hiyo anayelinda kati ya besi ya pili na ya tatu anasogea hatua moja kabla mpira haujarushwa. Kadi hubadilishwa mara kwa mara ili wapinzani wasije wakaifumbua. Siku hizi timu nyingi zimeanza kutumia vifaa vya kielektroniki vya kuvaa mkononi, lakini kazi ni ile ile: uamuzi unatoka benchini.

Mimi kazi yangu ni kufundisha warushaji, na hapo ndipo ulipo msimamo wangu. Katika mchezo huu benchi la ufundi haliishii kuandaa timu, bali linacheza. Kocha wa soka filimbi ikishapulizwa anabaki na kelele zake na wachezaji wa akiba. Kwetu, mechi ya awamu saba inaweza kufikisha mirusho zaidi ya mia kwa timu moja, na katika timu nyingi karibu yote imeamuliwa na mtu mwenye karatasi na kalamu aliyeegemea uzio wa benchi. Kwa kawaida mtu huyo ni kocha wa warushaji, wala si kocha mkuu.

Kwa nini iwe hivyo? Mrushaji anasimama futi 43 kutoka nyumbani, yaani kwenye sahani anaposimama mpigaji, sawa na mita 13.1. Warushaji wazuri wa ngazi ya juu hupitisha mpira kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na mpigaji anabaki na muda usiofika nusu sekunde wa kuona, kuamua na kuzungusha gongo. Hawezi kusubiri aone kila kitu, lazima abahatishe kidogo. Basi kazi ya kocha ni kujua anabahatisha nini.

Majibu yako kwenye miguu yake. Mpigaji akisogea mbele ndani ya boksi, yaani eneo lililochorwa analosimama, anataka kuuwahi mpira wa kuzama kabla haujazama. Huyo nampandishia mpira wa kasi juu, usawa wa kifua, maana amejipunguzia mwenyewe muda wa kuona. Akijibanza karibu na sahani ya nyumbani, nauingiza ndani kwenye mikono yake. Halafu naangalia mpira wake wa mwisho uliotoka nje ya mstari ulielekea wapi. Mpigaji wa mkono wa kulia akiupeleka upande wa besi ya kwanza, kachelewa. Hapo ndipo makocha wachanga hupotea: wanaona amechelewa, wanampa mpira wa polepole wakidhani watamchanganya. Huko ni kumsaidia! Kasi ilikuwa inamshinda, wewe umempunguzia. Mpira wa polepole ni wa yule aliyewahi mno.

Yapo malalamiko, nayo nayaheshimu, kwamba mfumo huu unawafanya wachezaji kuwa mashine. Nakubaliana nayo kwa sehemu. Mdakaji yuko karibu na mpigaji kuliko mtu yeyote uwanjani. Anasikia pumzi yake na kuona vidole vyake vikikaza gongo. Kocha asiyempa mdakaji ruhusa ya kukataa namba anajinyima macho mazuri kuliko yake. Mimi napenda wanikatae, mradi kati ya awamu waje waniambie waliona nini.

Kocha mkuu, wakati huo, yuko wapi? Timu yake ikipiga, mara nyingi utamkuta amesimama kando ya besi ya tatu, akigusa kofia, sikio, mkanda na bega, ishara moja ndiyo ya kweli na nyingine ni za kupoteza maboya. Kazi yake ngumu huja pale kunapokuwa na mkimbiaji besi ya pili na mpira umegongwa kwenda sehemu ya mbali ya uwanja upande wa kushoto. Kutoka pili hadi nyumbani ni mita 36 na ushei. Lazima aamue kumpeleka au kumsimamisha kabla mlinzi hajauokota mpira, kwa kuangalia tu anaukimbilia kwa pembe gani na mkono gani ni wa kurushia. Benchini, msaidizi mwingine anashika karatasi ya mabadiliko, maana sheria inamruhusu mchezaji aliyeanza mechi kutoka na kurudi mara moja. Ukikosea hesabu hiyo, mwamuzi hatakuonea huruma.

Kuna nafasi moja iliyoniumiza roho kwa miaka mingi: kocha wa kujitolea. Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ziliruhusu timu ya daraja la kwanza kuwa na kocha mkuu, wasaidizi wawili, na mmoja zaidi ambaye chuo hakikuruhusiwa kumlipa mshahara. Mtu huyo aliwapokea wapigaji alfajiri, akasafiri wikiendi nzima, halafu akatafuta kodi ya nyumba kwa kuendesha kliniki za watoto. Wanawake wengi waliokuwa na kipaji cha kufundisha waliishia hapo, kwa sababu hawakuwa na mtu wa kuwalisha. Nafasi hiyo ilifutwa Julai 2023, na vyuo vikaruhusiwa kumlipa. Ruhusa si lazima, lakini angalau sheria haikatazi tena.

Sasa tazama nani hushinda. Chuo kikuu cha UCLA cha California walichukua ubingwa wa kwanza wa NCAA mwaka 1982 chini ya Sharron Backus. Baadaye akaongoza bega kwa bega na Sue Enquist, aliyekuwa mchezaji wake, kisha Enquist akabaki peke yake. Mwaka 2007 timu ikaenda kwa Kelly Inouye-Perez, aliyekuwa mdakaji hapo hapo UCLA. Miongoni mwa warushaji aliowadakia enzi zao za uchezaji ni Lisa Fernandez, mshindi wa dhahabu tatu za Olimpiki, naye akaja kuwa msaidizi wake kwa miaka mingi. Mdakaji na mrushaji wake, benchi moja! Ubingwa wa 2010 na 2019 ulipatikana hivyo.

Michigan ni hivyo hivyo. Carol Hutchins aliiongoza kuanzia 1985 hadi 2022, na mwaka 2005 ikawa timu ya kwanza kutoka mashariki ya mto Mississippi kutwaa ubingwa. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa na wasaidizi wawili wale wale: Bonnie Tholl, aliyemchezea, na Jennifer Brundage upande wa warushaji. Alipostaafu, Tholl ndiye aliyekabidhiwa. Oklahoma nao, waliotwaa mataji manne mfululizo kuanzia 2021 hadi 2024, jambo ambalo halikuwahi kutokea, walikuwa na Patty Gasso kama kocha mkuu, Jennifer Rocha kwa warushaji, na JT Gasso, mwanawe Patty, kwa wapigaji. Watu wanasifu vipaji vya Oklahoma na ni kweli vilikuwepo. Lakini kocha akiita mrusho na kocha mkuu asihitaji kugeuka kuuliza kwa nini, hilo halisajiliwi kwa msimu mmoja.

Ndiyo maana siku hizi nina wasiwasi. Pesa zimeingia kwenye mchezo huu kwa kasi na wachezaji wanahama vyuo kila mwaka. NiJaree Canady alipotoka Stanford kwenda Texas Tech mwaka 2024, mkataba wake uliripotiwa kuzidi dola milioni moja. Simlaumu hata kidogo, amestahili. Ila mrushaji akihama, kocha aliyemlea naye huanza kupigiwa simu. Kabla ya Title IX, sheria ya Marekani ya 1972 inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake; kwa miaka mingi sasa, ukijumlisha michezo yote, hawafiki nusu. Kina Tholl na Inouye-Perez walifika walipofika kwa sababu kuna aliyewaweka kama wasaidizi muda mrefu, akawapa sauti mbele ya wachezaji, na alipoondoka akawaachia timu. Vyuo vinavyotafuta kocha leo vianze kuangalia ni nani anayeita mirusho kwenye benchi lao wenyewe.