Kikomo cha mishahara katika mpira wa kikapu si ukuta

Wafuatiliaji wengi wa ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani huamini kwamba kikomo cha mishahara, yaani cha jumla ya mishahara ya wachezaji wa timu kwa msimu, ni kiwango ambacho hakuna timu inayoruhusiwa kukivuka, na kwamba inayokivuka imependelewa. Dhana hiyo inaeleweka, kwa kuwa neno lenyewe humfanya mtu afikirie mwisho wa njia.

Kikomo hicho, kilichoanza kutumika msimu wa 1984–85, hubana hasa usajili wa wachezaji kutoka timu nyingine. Timu iliyokaa na mchezaji wake kwa misimu mitatu mfululizo inaweza kumpa mkataba mpya mnono hata ikiwa imekwisha kukivuka. Breki kali ziko juu zaidi: msimu wa 2024–25 kikomo kilikuwa takriban dola milioni 140.6, kodi ya anasa, yaani malipo ya ziada ambayo ligi huitoza timu yenye mishahara mikubwa mno, ilianza karibu milioni 170.8, na timu iliyopita milioni 188.9 haikuruhusiwa hata kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja wa mshahara mkubwa kwa kubadilishana. Katazo hili, kwa maoni yangu, huuma kuliko kodi, maana hata mmiliki tajiri hawezi kulilipia.

Anayetaka kuhakikisha achukue orodha ya mikataba ya timu moja, ajumlishe mishahara ya wachezaji wake, ambao wa mikataba ya kawaida hawazidi 15, awaache wale wachache wanaogawana muda na ligi ya maendeleo, ambao hawahesabiwi, kisha alinganishe jumla na kikomo cha msimu huohuo.