Besiboli ya vyuo Marekani: tazama mrushaji wa kumi, siyo wa kwanza

Timu nzuri ya Divisheni ya Tatu ikikutana na timu ya kawaida ya Divisheni ya Kwanza, nani atashinda? Divisheni hizo ni ngazi tatu za NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo Marekani. Wazazi na vijana huuliza hivyo kila msimu wa kuchagua chuo unapokaribia, na mimi huwajibu kwa swali: wanacheza Ijumaa au Jumapili?

Divisheni ya Kwanza hucheza michezo 56 ya kawaida kwa msimu. Kwa kawaida huwa mitatu dhidi ya timu moja, Ijumaa hadi Jumapili, kisha mmoja katikati ya wiki, mara nyingi Jumanne. Divisheni ya Pili ina ukomo wa michezo 50, Divisheni ya Tatu 40. Mrushaji (pitcher, anayemrushia mpigaji mpira) aliye bora kwenye timu huanza Ijumaa. Akisharusha mipira 100 hivi, mkono wake unahitaji siku nne au tano bila kurusha katika mchezo, kwa hiyo kocha mwenye busara hamrudishi mpaka Ijumaa ijayo. Jumamosi anaanza wa pili, Jumapili wa tatu, Jumanne wa nne. Kila mmoja akitoka awamu ya tano au ya sita kati ya tisa za mchezo, kuna watatu wanaomfuata kumalizia mchezo. Ukihesabu hivyo, timu inahitaji warushaji kumi au zaidi wanaoweza kupewa mpira bila kocha kufumba macho.

Tofauti ya divisheni imejificha hapo. Mrushaji wa kwanza wa chuo imara cha Divisheni ya Tatu anaweza kufikisha maili 90 kwa saa, yaani kilomita 145, na akawasumbua wapigaji wa Divisheni ya Kwanza kwa jioni nzima. Wa pili wake ana maili 86. Wa sita ana 82 na mpira wa kupinda ambao haupindi sana. Katika konferensi (makundi ya vyuo vinavyoshindana) kubwa kama SEC au ACC, mtu wa sita anayetoka benchi anaweza kurusha maili 94. Kutoka kwenye kilima anaposimama mrushaji hadi sahani ya mpigaji ni mita 18.44. Mpira wa maili 95 hufika kwa takriban sekunde 0.41, ule wa 85 kwa sekunde 0.46. Ukiisoma karatasini unaona ni kitu kidogo, lakini ndani ya pengo hilo ndimo mpigaji anapoamua kuupiga au kuuacha.

Hata juu kabisa, kina hicho huisha. Fainali ya Divisheni ya Kwanza ya 2023 mjini Omaha ilikuwa kati ya LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) na Florida. Mchezo wa kwanza LSU walishinda 4-3 kwa awamu 11. Wa pili Florida wakawafunga 24-4. Wa tatu LSU wakashinda 18-4. Timu zile zile, uwanja ule ule, siku tatu mfululizo. Paul Skenes, mrushaji wa LSU aliyechukuliwa wa kwanza mwaka huo kwenye drafti, ambapo timu za MLB, ligi kuu ya kulipwa, huchagua vijana, hakurusha mpira hata mmoja katika fainali hiyo, kwa kuwa alishatumika kwenye nusu fainali dhidi ya Wake Forest. Kama vikosi viwili vyenye pesa kiasi hicho vinaweza kuyumba hivyo vikiishiwa mikono, fikiria chuo chenye warushaji watano wa kuaminika.

Kwa sababu hiyo usidanganyike na matokeo ya Jumanne. Chuo kikubwa kikipoteza katikati ya wiki mbele ya chuo kidogo, mara nyingi kimeweka mrushaji wake wa nne au kijana wa mwaka wa kwanza, huku chuo kidogo kimemhifadhi wake bora kwa siku hiyo. Ushindi ni halali, na wachezaji wale wana haki ya kuusherehekea, ila haupimi kikosi.

Sasa tuje kwenye pesa, na hapa wengi wanachanganyikiwa kwa sababu wanasikia neno “skolashipu” wakadhani ni masomo bure. Kwa miaka mingi Divisheni ya Kwanza iliruhusiwa thamani ya skolashipu kamili 11.7 tu kwa timu nzima, zigawanywe kwa wachezaji wasiozidi 27, kila mmoja akipata angalau robo. Gawa 11.7 kwa 27: wastani ni asilimia 43. Chuo kikigharimu dola 60,000 kwa mwaka, mchezaji wa wastani alibaki na takriban dola 34,000 za kutafuta kwingine. Divisheni ya Pili ukomo wake ni 9. NAIA, ambayo ni shirikisho jingine nje ya NCAA, ni 12. Divisheni ya Tatu haitoi hata senti moja kwa sababu ya mchezo.

Vyuo vya miaka miwili chini ya chama chao, NJCAA, ni habari nyingine: divisheni yao ya juu inaruhusu skolashipu 24, zaidi ya mara mbili ya kile walichokuwa nacho wakubwa. Vile vya jamii (community college) vya California, ambavyo vina chama chake tofauti, havitoi kabisa.

Kuanzia mwaka wa masomo 2025-26 hesabu ya Divisheni ya Kwanza imebadilika. Mahakama iliidhinisha suluhu ya kesi ya House dhidi ya NCAA, iliyohusu malipo ya wanamichezo, mwezi Juni 2025, na vyuo vilivyokubali kuingia humo havina tena ukomo wa skolashipu. Vina ukomo wa kikosi: wachezaji 34, na wote 34 wanaweza kulipiwa. Lakini ruhusa na pesa ni vitu viwili. Chuo cha SEC kinaweza kujaza nafasi zote. Chuo cha konferensi ndogo kinaweza kubaki pale pale kilipokuwa, au chini yake, kwa kuwa bajeti haikuongezeka. Mgao wa mapato, yaani pesa ambazo chuo huwalipa wanamichezo moja kwa moja, nao ulianza kwa takriban dola milioni 20.5 kwa chuo, ila ndio ukomo wa michezo yote, na futiboli ya Kimarekani ndiyo inayomega sehemu kubwa. Vyuo vya Ivy League viko Divisheni ya Kwanza na havitoi skolashipu za michezo hata leo. Kwa hiyo mtu akikuambia “Divisheni ya Kwanza” hajakuambia bado kitu kuhusu rasilimali.

Kuna pia pesa ambazo hazionekani kwenye hesabu ya michezo, na mimi naziona muhimu kuliko viwanja vya kifahari. Georgia ina HOPE, Louisiana ina TOPS: misaada ya jimbo kwa wanafunzi wa humo wenye alama nzuri. Kocha wa LSU anayemsajili kijana wa Louisiana anajua sehemu kubwa ya karo imeshalipwa, hivyo kwa miaka yote ya 11.7 alikuwa na mkono mrefu kuliko namba inavyosema. Vanderbilt, mabingwa wa 2014 na 2019, ni chuo binafsi cha gharama kubwa, lakini kina msaada mnono kwa familia zenye uhitaji. Hata Divisheni ya Tatu hufanya kazi kwa njia hii. Msaada wa alama na wa uhitaji unaweza kumwachia mzazi bili ndogo kuliko robo skolashipu ya Divisheni ya Pili. Linganisha kiasi utakacholipa mwishoni, siyo asilimia ya skolashipu.

Vifaa nitavipitia haraka. Mississippi State waliwahi kuingiza watu 16,423 kwenye mchezo mmoja mwezi Aprili 2023. Vyuo vingi vya Divisheni ya Tatu vina jukwaa la ngazi chache, na kocha mwenyewe ndiye anayechora mistari ya chokaa. Kinachoathiri mchezaji zaidi ni idadi ya makocha. Tangu Julai 2023 Divisheni ya Kwanza inaruhusu wasaidizi watatu wanaolipwa, kwa hiyo mrushaji ana kocha wake wa kila siku. Kwenye chuo kidogo kocha huyo anaweza kuwa mtu anayefika saa kumi na moja jioni akitoka kazini kwake. Rada za kupima mzunguko wa mpira, zamani za matajiri tu, sasa zina aina za kubebeka ambazo chuo kidogo kinaweza kuzimudu. Ila namba bila mtu wa kuzitafsiri hazimfundishi mchezaji chochote.

Talanta yenyewe imekuwa ikisogea chini ngazi kwa ngazi. Drafti ya MLB ilikuwa na raundi 40; tangu 2021 ni 20, na timu za ligi ndogo, za kukuza wachezaji wa MLB, zenye mkataba nayo zimepunguzwa hadi 120. Vijana waliokuwa wakisaini wakiwa na miaka 18 kwenye raundi ya 30 sasa wanaingia chuoni. Ongeza vikosi vya 34, ambavyo ni vidogo kuliko vya miaka ya karibuni, na mfumo wa uhamisho unaowapandisha walio bora kila kiangazi. Matokeo yake Divisheni ya Pili ya juu, kama Tampa waliotwaa ubingwa 2024 na 2025, ina wachezaji ambao wangeanza katika konferensi nyingi ndogo za Divisheni ya Kwanza. Na ubora wa mtu mmoja haujawahi kufungwa na divisheni: kati ya nyota wa MLB, Billy Wagner alitoka Ferrum, wakati huo Divisheni ya Tatu, akachukuliwa wa 12 kwenye drafti ya 1993. J.D. Martinez alitoka Nova Southeastern, Divisheni ya Pili. Albert Pujols alitoka chuo cha miaka miwili, raundi ya 13.

Ukitaka kulinganisha wachezaji wawili wa ngazi tofauti, usianze na wastani wa kupiga, yaani sehemu ya majaribio yake inayomfikisha beisi kwa mpira aliopiga. Mtu mwenye .380 Divisheni ya Tatu amekutana na akina maili 82. Angalia anatolewa kwa kukosa mipira mitatu (strikeout) mara ngapi kwa kila zamu mia za kupiga, na hasa dhidi ya mrushaji wa kwanza wa wapinzani. Angalia uwanja: Air Force hucheza mita 2,000 na zaidi juu ya bahari, na mpira hupaa mbali kwenye hewa nyepesi. Kisha tafuta takwimu zake za kiangazi. Ligi ya kiangazi ya Cape Cod huchanganya wachezaji wa vyuo mbalimbali na hutumia magongo ya mbao, wakati vyuo hutumia ya chuma yaliyodhibitiwa. Kule udhaifu wa kupiga mpira unaokuja karibu na mwili huonekana wiki ya kwanza.

Kwa kijana wa Uganda, nchi iliyopeleka timu ya Lugazi kwenye Kombe la Dunia la Little League, mashindano ya watoto, mwaka 2012, njia iliyo wazi zaidi kwa maoni yangu ni chuo cha miaka miwili: skolashipu nyingi, michezo mingi, na unaweza kuchukuliwa kwenye drafti kila mwaka badala ya kusubiri mwaka wa tatu au umri wa miaka 21. Jua pia kwamba viza ya mwanafunzi inabana sana malipo ya kazi, kwa hiyo usipange bajeti kwa ahadi za mgao wa mapato.

Kocha akikupigia, muulize mambo matatu na uandike majibu. Skolashipu ngapi zinalipiwa kweli mwaka huu? Warushaji wangapi walirusha zaidi ya awamu 20 msimu uliopita, na wangapi kati yao wanarudi? Na nikiumia bega mwezi Machi, fedha yangu ya mwaka ujao imeandikwa wapi?